Pimeni Ukuta Kabla ya Kuomba Rangi
Somo kwa kamati za maendeleo za parokia



Ndugu wasomaji, katika somo la toleo hili tunaleta jambo linaloonekana dogo, lakini kila mwaka linatugharimu fedha na wakati mwingine linatugharimu hata heshima yetu mbele ya wanaotuchangia. Jambo hilo ni kukadiria kiasi cha rangi au karatasi ya ukutani inayohitajika kwa chumba kimoja.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Wakati fulani tulipokea maombi mawili kwa pamoja, kila moja likiwa la kupaka rangi darasa la chekechea la parokia. Kamati ya kwanza iliomba ndoo tatu za lita 20. Kamati ya pili ilipima sakafu, ikapiga hesabu kwa kipimo hicho, ikaomba lita 10 tu. Sisi ofisini tuliyapitisha maombi yote mawili. Hakuna aliyeuliza ukuta una ukubwa gani.

Mwisho wake tuliuona kwa macho. Katika parokia ya kwanza zaidi ya nusu ya rangi ilibaki. Ndoo zilifunikwa vibaya zikawekwa stoo, na zilipofunguliwa baada ya muda rangi ilikuwa imeganda. Katika parokia ya pili rangi iliisha ukuta wa nyuma ukiwa bado. Ilinunuliwa nyingine baadaye, ya jina lile lile, lakini haikulingana na ile ya kwanza. Mpaka wa rangi hizo mbili ulikuwa ukionekana tangu mlangoni. Siku ya kufungua darasa mama mmoja wa jumuiya alituuliza kwa upole, "Baba zangu, huu ukuta mmoja mliuacha kwa makusudi?" Hatukuwa na jibu.

Fedha za kazi zile mbili zilitoka mahali pawili: michango ya jumuiya ndogo ndogo, na wafadhili ambao hawatafika kamwe kuliona darasa lile. Wote walituamini. Ndoo iliyoganda stoo ni sadaka ya mtu iliyoganda. Bwana wetu alitoa mfano wa mjenzi wa mnara aliyeanza kazi bila kupiga hesabu, akakwama njiani na kuchekwa na wapita njia (Luka 14:28-30). Tangu hapo tumeamua kwamba hatupitishi ombi la rangi lisilo na vipimo. Somo hili linaonyesha jinsi ya kuvipata.

SAKAFU HAIPAKWI RANGI YA UKUTA

Kosa la kwanza ni kukadiria kwa ukubwa wa sakafu. Watu husema, "Chumba ni nane kwa sita, kwa hiyo ni mita za mraba 48," kisha wanakwenda dukani na hesabu hiyo. Lakini fundi hapaki sakafu.

Tazameni vyumba viwili. Cha kwanza kina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Cha pili kina urefu wa mita 12 na upana wa mita 4. Sakafu zote mbili ni mita za mraba 48. Sasa zungukeni kuta. Chumba cha kwanza kina mzunguko wa mita 28 (8+6+8+6). Cha pili kina mzunguko wa mita 32 (12+4+12+4). Ikiwa kuta zote zina kimo cha mita 3, chumba cha kwanza kina mita za mraba 84 za ukuta na cha pili kina 96. Sakafu ni sawa, kuta si sawa. Ndiyo maana tunasema: zungukeni chumba na tepu, msisimame katikati yake mkikadiria kwa macho.

HATUA TANO ZA HESABU

Tuchukue darasa la chekechea lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Lina mlango mmoja na madirisha manne. Sehemu ya chini ya ukuta, hadi mita 1.2 kutoka sakafuni, itapakwa rangi ya mafuta ili mikono ya watoto isafishwe kwa kitambaa. Sehemu ya juu itapakwa rangi ya maji.

Hatua ya 1: Pateni ukubwa wa kuta zote. Mzunguko mara kimo: 28 x 3 = mita za mraba 84.

Hatua ya 2: Toeni mlango na madirisha. Mlango ni 0.9 x 2.1 = 1.89. Dirisha moja ni 1.5 x 1.2 = 1.8, na manne ni 7.2. Jumla ya kutoa ni 9.09. Inabaki 74.91, tuseme mita za mraba 75. Swichi, matundu ya hewa na vitu vingine vidogo msivitoe, maana vitawapotezea muda bila faida. Nyuma ya ubao wa kutundika nako hupakwa, kwa hiyo ubao msiutoe.

Hatua ya 3: Gawanyeni ukuta kwa aina ya rangi. Sehemu ya chini ni 28 x 1.2 = 33.6, tukitoa sehemu ya chini ya mlango (0.9 x 1.2 = 1.08) inabaki 32.5. Madirisha ya darasa letu yanaanzia juu ya mita 1.2, kwa hiyo hapa hayatolewi. Sehemu ya juu ni ile iliyobaki: 75 - 32.5 = 42.5.

Hatua ya 4: Zidisheni kwa idadi ya mikono, kisha gawanyeni kwa uwezo wa lita moja. Mkono ni kupaka mara moja ukuta mzima. Ukuta mpya kwa kawaida unahitaji mkono mmoja wa praima, yaani rangi ya msingi, na mikono miwili ya rangi yenyewe. Uwezo wa lita moja huandikwa kwenye kopo. Katika mfano huu tunachukua mita za mraba 8 kwa lita ya praima, 10 kwa lita ya rangi ya maji, na 12 kwa lita ya rangi ya mafuta.

Hatua ya 5: Ongezeni sehemu moja ya kumi kwa ajili ya rangi inayobaki kwenye rola, inayodondoka, na ya marekebisho madogo ya baadaye.

Hesabu inakuwa hivi:

Praima: 75 ÷ 8 = lita 9.4. Tukiongeza sehemu ya kumi ni lita 10.3. Tununue lita 11.

Rangi ya maji: 42.5 x 2 = 85. Gawanya kwa 10 ni lita 8.5. Tukiongeza ni lita 9.4. Tununue lita 10.

Rangi ya mafuta: 32.5 x 2 = 65. Gawanya kwa 12 ni lita 5.4. Tukiongeza ni lita 6. Tununue lita 6.

Jumla ya darasa zima ni lita 27. Kumbukeni ile parokia iliyoomba ndoo tatu za lita 20: hizo ni lita 60, nalo darasa lao lilikuwa karibu sawa na hili.

Mkienda dukani linganisheni bei za makopo. Rangi nyingi huuzwa katika makopo ya lita 1 na lita 4 na ndoo za lita 20. Wakati mwingine makopo matatu ya lita 4 huwa nafuu kuliko mawili ya lita 4 pamoja na matatu ya lita 1, hata kama lita moja itabaki. Hapo nunueni yaliyo nafuu na mwandike sababu. Kinachotukwaza ni masalio ambayo hakuna aliyeyapangia kazi.

UKUTA UNAKUNYWA

Maandishi ya kwenye kopo yanahusu ukuta laini na mkavu. Kuta zetu nyingi si hivyo. Lipu yenye mchanga mkubwa hunywa rangi, na ukuta wa matofali usiopigwa lipu hunywa zaidi. Mahali ambapo kopo linasema mita za mraba 10, huenda mkapata 6 tu, au pungufu.

Ili msikisie, fanyeni jaribio la lita moja. Nunueni kopo moja la lita 1, pimeni kipande cha ukuta, mpakeni mkono mmoja hadi kopo liishe, kisha pimeni mlipofika. Kama mmepata mita za mraba 7, basi 7 ndiyo namba ya ukuta wenu. Itumieni katika hatua ya 4. Gharama ya kopo hilo haipotei, kwa sababu ukuta uliopakwa ni sehemu ya kazi. Kama rangi ni ya kuchanganywa dukani, jaribio lifanyike kwa praima nyeupe ili msijifunge kwa rangi ambayo huenda isipatikane tena vile vile.

Ukuta mpya wa lipu ya saruji uachwe ukauke kama wiki nne kabla ya kupakwa. Ukuta wenye unyevu upande wa chini usipakwe kabisa mpaka mjue maji yanatoka wapi. Mkipaka juu ya unyevu, rangi itatoka maganda, na hesabu yote mliyopiga haitawasaidia kitu.

Jambo jingine ni maji. Fundi akiona rangi inakaribia kuisha hushawishika kuongeza maji ili imalize ukuta. Kopo huonyesha kiasi cha maji kinachoruhusiwa. Yakizidi, ukuta huwa na michirizi na mkono wa tatu huwa hauepukiki. Tusimlaumu fundi peke yake. Mara nyingi fundi huongeza maji kwa sababu kamati ilimnunulia rangi pungufu.

NAMBA YA MCHANGANYIKO

Kila kopo lina namba inayoonyesha lilitengenezwa katika mchanganyiko upi. Makopo mawili ya jina moja na rangi moja, lakini yenye namba tofauti, yanaweza kutofautiana kidogo. Tofauti hiyo haionekani dukani. Huonekana ukutani, jua la asubuhi linapoingia dirishani. Ndilo lililotokea kwa ule ukuta wa nyuma.

Dawa yake ni kununua rangi yote ya chumba kwa siku moja na kusoma namba kabla ya kuondoka dukani. Kama namba zimetofautiana, mwambieni fundi achanganye makopo yote katika chombo kimoja kikubwa kabla ya kuanza mkono wa mwisho.

Kwa vyumba vya watoto kuna jambo la zaidi. Someni kwenye kopo kama rangi haina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi, hasa ubongo wao. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ni sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi. Kama ukuta una rangi ya zamani msiyoijua, msiupige msasa ukiwa mkavu, kwa sababu vumbi lake ndilo huingia vinywani na vifuani. Lowesheni kwanza, na watoto wakae mbali hadi usafi ukamilike.

NA KARATASI YA UKUTANI?

Siku hizi baadhi ya parokia huomba karatasi ya kubandika ukutani kwa ajili ya ofisi au sebule ya wageni. Hatukatai, mradi ukuta uwe mkavu na laini. Lakini hesabu yake si ile ya rangi, na hapa wengi huumia. Rangi humiminika, kwa hiyo kilichobaki upande mmoja kinatumika upande mwingine. Karatasi hukatwa vipande, na kipande kifupi hakiwezi kufika darini.

Roli nyingi zina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10 hivi, yaani mita za mraba 5.3. Tuchukue ofisi yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 3.2. Mzunguko ni mita 14 na kuta ni mita za mraba 44.8. Tukitoa mlango na dirisha vyenye vipimo vile vile vya darasani, inabaki 41.1. Anayehesabu kama rangi atagawanya kwa 5.3 na kuomba roli 8.

Sasa tuhesabu kwa vipande.

Kwanza, vipande vingapi? Mzunguko gawanya kwa upana wa roli: 14 ÷ 0.53 = 26.4. Vipande ni 27.

Pili, kipande kina urefu gani? Kimo mita 3.2, na sentimita 10 za kukata juu na chini: mita 3.3.

Tatu, roli moja inatoa vipande vingapi vizima? 10 ÷ 3.3 = 3.03. Ni vipande 3.

Nne, roli ngapi? 27 ÷ 3 = roli 9. Yule wa roli 8 amepungukiwa.

Hiyo ni karatasi isiyo na maua. Sasa tuseme kamati imependa yenye maua, na ua linajirudia kila sentimita 53. Maua ya kipande kimoja lazima yakutane na ya kipande cha jirani, kwa hiyo kila kipande kikatwe kwa marudio kamili. Mita 3.3 gawanya kwa 0.53 ni 6.2, kwa hiyo tunahitaji marudio 7, yaani mita 3.71. Roli ya mita 10 sasa inatoa vipande 2 tu, na zaidi ya mita mbili na nusu hubaki. Vipande 27 gawanya kwa 2 ni 13.5, kwa hiyo ni roli 14. Fundi makini atatumia mabaki juu ya mlango na kuzunguka dirisha, na huenda akaokoa roli moja au mbili. Hata hivyo chumba ni kile kile, na kutoka roli 9 tumefika 12 hadi 14. Maua yale yana bei yake, na bei hiyo haimo kwenye lebo ya roli moja.

Roli nazo zina namba ya mchanganyiko. Zote ziwe na namba moja, na muulize mapema kama duka litapokea roli isiyofunguliwa ikibaki.

TUNACHOOMBA KWENU

Kwa kamati za parokia: kila ombi la rangi au karatasi liambatane na ukurasa mmoja wenye mchoro wa chumba uliochorwa kwa mkono, mzunguko, kimo, milango na madirisha, matokeo ya jaribio la lita moja, na bei za maduka mawili. Wapimaji wawe wawili, mmoja ashike tepu na mwingine aandike, na mhazini ahakiki hesabu. Mchoro hauhitaji kuwa mzuri. Unahitaji kuwa wa kweli. Kazi ikiisha, andikeni rangi iliyobaki, fungeni makopo vizuri, na bandikeni juu yake jina la chumba na tarehe. Ikibaki nyingi, tujulisheni ili tuipeleke parokia jirani kabla haijaganda.

Kwa wafadhili wetu: tunawashukuru kwa moyo, na tunawaomba mtuulize maswali. Mkiona katika taarifa yetu "rangi ya darasa" bila vipimo, tuandikieni. Kuulizwa hakutuvunji moyo. Kama mtu mmoja angetuuliza wakati ule, sadaka ya watu isingegandia stoo.

Parokia ile yenye ukuta wa rangi mbili imerudi kwetu na ombi la darasa la pili. Safari hii limekuja na mchoro wa penseli, mzunguko, na hesabu iliyofutwa na kuandikwa upya mara mbili. Tuliihakiki na tukapata kosa la lita moja. Kosa hilo lilikuwa letu, si lao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Chumba cha mwisho tulichopaka rangi kilihitaji lita ngapi, na tulinunua ngapi? Kilichobaki kiko wapi leo?

2. Nani katika kamati yetu ana tepu ya kupimia, na nani atafundishwa kuitumia?

3. Pimeni chumba mnachofanyia mkutano huu. Kila mmoja akadirie kwanza kwa macho na kuandika namba yake, kisha mpime. Nani alikaribia zaidi, na alikosea kwa kiasi gani?